Darsa la 12: Sinia la futari na ngozi ya ndugu yako



Darsa la leo nalituma mapema, kabla ya Alasiri, kwa sababu nataka ulisome kabla hujakaa kwenye sinia. Ukilisoma baada ya Tarawehe utasema "kesho inshaallah", na mimi nawajua. Jana niliahidi tutazungumza zaka ya mazao. Nimeisogeza mbele. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Shaaban na nimeona nisiendelee kufunga nalo.

Msikitini kwetu, kama ilivyo misikiti mingi hapa Dodoma, futari tunakula pamoja. Kila mtu analeta alichojaaliwa: uji, viazi vitamu, mihogo, maharage, tende zile za kuhesabu. Tunatandika jamvi, tunakaa watano au sita kwenye sinia moja, mikono inaingia pamoja. Mwaka jana kulikuwa na kijana mmoja, fundi, mtu wa safu ya mbele. Siku za mwanzo za mwezi alikula nasi, halafu akapotea. Magharibi anaswali, akishatoa salamu anachukua viatu vyake, huyo kaondoka. Mimi nikajipa jibu mwenyewe. Nikasema huyu anajiona, au kuna kitu kizuri nyumbani hataki kugawana na sisi. Nikafika mahali, Ijumaa ya pili ya mwezi, juu ya mimbari, nikatia neno: kuna watu baraka ya jamaa haiwatoshi, wanakimbilia futari ya chumbani. Watu wakacheka. Naye alikuwa amekaa pale pale.

Shaaban ya mwaka huu nikakutana naye soko la Majengo. Tukasalimiana, nikamtania: "Mdogo wangu, mwaka huu usitukimbie bwana." Hakucheka. Akapandisha mkono wa shati. Kuanzia kiwiko kushuka chini ngozi imevimba mabaka mabaka, juu yake magamba meupe, kuna sehemu imepasuka. Akaniambia, "Sheikh, Ramadhani kwangu si ngumu kwa njaa. Ni ngumu kwa sinia."

Akanieleza. Siku ya tatu ya mwezi alikaa na wenzake, mkono ukaonekana. Mmoja akahamia sinia jingine, eti anamfuata rafiki yake. Wa pili akaanza kula upande wake tu, anachora mpaka kwa vidole. Wa tatu, mzee wa watu, akachota futari akamwekea kwenye sahani pembeni, kwa upole kabisa: "Kula hapa mwanangu, upate nafasi." Hakuna aliyemtukana. Akasema, "Bora wangenitukana sheikh, ningejibu. Sasa ile sahani ningeijibu nini?"

Ugonjwa wake unaitwa soriasisi. Hospitali walishamweleza miaka mingi nyuma: kinga ya mwili inakosea, inaichokoza ngozi yake yenyewe, ngozi inajitengeneza haraka kuliko kawaida mpaka inarundikana magamba. Hauambukizi. Si kwa kushikana mikono, si kwa sinia, si kwa udhu. Nikamuuliza mbona hukuwaambia? Akaniuliza na yeye: "Wewe ungeweza kusimama kila jioni uwaeleze watu ngozi yako?"

Nilimuomba radhi pale pale, kati ya matenga ya nyanya. Lakini neno lililosemwa juu ya mimbari haliombewi radhi sokoni likaisha. Kwa hiyo naandika hapa, mnisome nyote: nililosema Ijumaa ile nilikosea. Nilimdhania Muislamu dhana mbaya, nikaifanya kichekesho mbele ya watu, na nilikuwa nimefunga. Jina lake silitaji na nakuomba usilitafute. Ukianza kuwakagua watu mikono leo jioni ili umjue ni nani, darsa hili litakuwa limemwumiza mara ya pili.

Sasa twende kwenye hadithi. Imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), na wengi mnaijua tangu madrasa: watu watatu wa Bani Israil, mwenye mbalanga, mwenye kipara na kipofu, Allah alitaka kuwatahini, akawatumia Malaika. Malaika akamwendea mwenye mbalanga, akamuuliza kitu gani anakipenda zaidi. Hebu angalia jibu lake. Alitaja rangi nzuri na ngozi nzuri, kisha akaongeza sababu: watu wananiona kinyaa. Hakusema inauma wala hakusema inawasha. Katika ugonjwa wote ule, kilichomtoka mdomoni ni macho ya watu. Hadithi hii nimeisomesha zaidi ya miaka ishirini, na kila mara nilikuwa naikimbiza kufika kwenye ngamia. Lile neno la kinyaa nilikuwa nalipita kama kituo ambacho basi halisimami.

Na kabla ya ngamia kuna jambo jingine. Malaika alimpangusa kwa mkono. Allah angeweza kusema "kuwa" ikawa. Lakini mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamgusa, uponyaji wake ulianza kwa kuguswa.

Mwisho wake mnaujua. Alipokuwa na ngozi safi na bonde zima la ngamia, Malaika akamrudia katika sura ya maskini mwenye mbalanga, akimwomba ngamia mmoja tu. Akamkatalia, akadai mali ile ameirithi kwa wazee wake. Aliyeonewa kinyaa akasahau. Lakini usiisome hadithi hii vibaya. Mbalanga ya mwanzo haikuwa adhabu, ulikuwa mtihani, kama afya na mali zilivyokuwa mtihani uliofuata. Aliyefeli alifelia kwenye utajiri, hakufelia kwenye ngozi. Kwa hiyo anayemwambia ndugu yake "angalia ulimkosea nani mpaka ukapata hivi" anazungumza lisilo na dalili. Nabii Ayyub (A.S.) alikuwa na kosa gani? Qur'ani inamtaja katika Suratul Anbiyaa na Suratu Swaad kwa sifa ya subira tu.

Najua kuna mtu sasa hivi anaandaa ujumbe wa kunitumia: sheikh, mbona Mtume (S.A.W.) amesema tumkimbie mwenye ukoma kama tunavyomkimbia simba? Ndiyo, hadithi ipo, ni sahihi, iko Bukhari, na ndani yake pia imekanushwa ile imani ya zama za ujinga kwamba ugonjwa unaambukiza kwa nguvu zake wenyewe. Wanazuoni wameielewa kwamba ni kuchukua tahadhari na maradhi, kama alivyokataza kuingia kwenye mji wenye tauni. Haikuja kumvunjia mtu heshima. Katika ujumbe wa watu wa Thaqif alikuwemo mtu mwenye ukoma. Mtume alimpelekea habari kwamba baia yake imeshakubaliwa, arudi. Alimkinga na mkusanyiko, lakini hakumnyima nafasi yake katika Uislamu. Na baadaye khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyeshika utawala mwaka 86 Hijria, aliwawekea wenye ukoma posho kutoka hazina ya dola ili wasiombe barabarani. Hivyo ndivyo waliokuwa karibu na zama za Mtume walivyoifahamu dini.

Halafu tuwe wakweli. Wewe unayeihamia sinia nyingine hukutana na ukoma hata kidogo. Umeona soriasisi, au ukurutu ambao wengine tunauita pumu ya ngozi, au mbalanga, au kovu la moto. Hakuna hata kimoja hapo kinachoambukiza. Ualbino pia hauambukizi, mtu anazaliwa nao. Vinavyoambukiza ni kama upele na choa, navyo vina dawa, mtu anatibiwa yanaisha. Tahadhari inahitaji elimu. Tahadhari bila elimu ni kinyaa kilichovaa kanzu.

Hata huo ukoma wenyewe. Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kwenda mbali, Hombolo iko hapo tu. Wazee wetu walijua Hombolo kwa mambo mawili, bwawa na hospitali ya ukoma iliyoendeshwa na Waanglikana. (Wakristo hawa walikaa na wagonjwa ambao ndugu zao wa damu waliwatoa nyumbani, tuseme ukweli, na Allah ndiye mjuzi wa kuwalipa watu.) Zamani mgonjwa akipelekwa kule, kwao walikuwa kama wamemzika. Kisha dawa ikapatikana. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto, na hapa kwetu zinatolewa bure chini ya mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma: miezi 6 kwa ukoma wa vimelea vichache, miezi 12 kwa wa vimelea vingi. Mgonjwa akishaanza dozi, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Na hata kabla ya dawa, watu wengi miili yao ina kinga ya asili dhidi yake. Dalili ya kuiangalia ni baka lililofifia rangi ambalo halina hisi, ukiligusa na pamba husikii kitu. Ukiliona kwako au kwa mtoto, nenda zahanati mapema, usisubiri vidole vife ganzi. Watu wanachelewa kwa sababu ya aibu, siyo kwa sababu ya umbali. Aibu hiyo tumeitengeneza sisi.

Mama mmoja wa darsa la wanawake aliwahi kuniuliza swali ambalo lilinikwamisha. Mikono na mdomo wake vina mbalanga. Akasema: "Ustadhi, Mtume ameomba kinga kwa Allah dhidi ya mbalanga, wazimu na ukoma. Basi mimi nina kitu ambacho Mtume alikikimbilia kwa Allah. Nikae nao vipi watu wakati dua yenyewe ina mimi ndani?" Sikumjibu siku ile. Nilirudi kusoma.

Wiki iliyofuata nilimwambia hivi. Mtume (S.A.W.) ameomba kinga pia dhidi ya deni, na dhidi ya uzee wa kudhoofika. Je, tumewahi kumtenga mzee kwa sababu hiyo? Na wenye madeni je? Tukiwakimbia wote wenye madeni, huu msikiti atabaki muadhini peke yake, na yeye simwamini sana. (Alicheka, alhamdulillah.) Mtu anaomba kinga na tabu, haombi kinga na mwenye tabu. Na katika dua ile mna faida kwako mama: kama Mtume mwenyewe aliiona tabu hii ni kubwa kiasi cha kuitaja kwa jina mbele ya Mola wake, basi ukilia nayo usiku hulii kitu kidogo. Asikwambie mtu "ni ngozi tu".

Hili la "ni ngozi tu" tuliache kabisa. Binti hataki kutawadha mbele ya wenzake, anachelewa makusudi mpaka rakaa ya kwanza imepita. Mtoto wa darasa la nne anavaa sweta Dodoma hii mwezi wa kumi, mwalimu anamfokea avue, naye hawezi kusema. Nilikuwa mwalimu wa darasa, niliwahi kufoka hivyo hivyo. Mwanamke anarudishiwa posa. Mtu anapewa chenji kwa kuwekewa mezani, wakati aliyemtangulia amepewa mkononi. Vitu vidogo hivi vikirudiwa kila siku miaka kumi, moyo unajifunga. Mwingine anaacha kuswali jamaa. Mwingine anawaza mabaya zaidi ya hayo, anaona afadhali asiwepo. Ukiwa ni wewe unayewaza hivyo, usikae nalo peke yako usiku wa leo. Mwambie mmoja unayemwamini, au mwambie daktari kama unavyomwambia kuhusu ngozi, au nipigie mimi, hata saa ya daku niko macho.

Na wale wanaokisia. Bani Israil walimuona Nabii Musa (A.S.) anajisitiri sana akioga kwa sababu ya haya, wakasema hajisitiri huyu ila ana kasoro kwenye ngozi. Iko Bukhari, na Qur'ani katika Suratul Ahzab inatukataza kuwa kama waliomuudhi Musa. Kwa hiyo ukimuona dada amevaa soksi za mikono, au kijana hafungui kifungo cha juu, kisio lako libaki tumboni.

Sasa maneno machache kwa wewe mwenyewe unayeishi na ngozi inayokusumbua. Nimesoma maswali yenu ya faragha.

Krimu, mafuta na losheni za kupaka hazivunji saumu. Paka mchana, hata mara tano. Ngozi kavu ya ukurutu inataka mafuta mara kwa mara, na upepo wetu mkavu wa Juni na Julai mnaujua. Vidonge uliza daktari kama vinaweza kupangwa wakati wa futari na daku. Kama haviwezi, mgonjwa ana ruhusa iliyo wazi katika Suratul Baqara, utalipa siku nyingine. Maji yakiiumiza ngozi iliyopasuka, na visima vyetu vingi hapa vina maji ya chumvi, kuna kupaka maji juu ya bandeji na kuna kutayamamu. Usijitese kwa kudhani ndiyo ucha Mungu. Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa, wenzake wakamwambia huna ruhusa, akaoga, akafa, Mtume (S.A.W.) aliwakemea vikali waliomfutu bila elimu.

Kutafuta tiba hakupunguzi subira. Ayyub aliomba. Hapa mjini anzia zahanati au kituo cha afya, watakuandikia rufaa. Nchi yetu ina watu waliosomea ngozi hasa. Pale KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, kinafundisha maafisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika, na hapo hapo yanatengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ndugu zetu wenye ualbino. Jua la huku juu si la mchezo, kofia pana na mikono mirefu kwa mtoto mwenye ualbino ni dawa, siyo urembo. Lakini usinunue krimu ya steroidi kwa maelezo ya jirani ukajipaka miaka. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na ukiacha inalipuka. Na mkorogo ndiyo kabisa. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, bado zinauzwa kwa kificho, na wanaozinunua wengi ni watu tuliowachekea rangi yao.

Na mkumbuke Uwais Al-Qarni. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaambia maswahaba habari za mtu wa Yemen ambaye hawajamwona: alikuwa na mbalanga, akamwomba Allah, ikaondoka isipokuwa mahali palipo kama dirhamu moja. Ana mama, anamtendea wema. Atakayekutana naye, amwombe amtakie maghufira. Sayyidna Umar (R.A.), tayari ni Amirul Muuminin, kila ujumbe wa Yemen ukija anauliza: yumo Uwais kati yenu? Mpaka akampata. Akamuuliza ukoo, akamuuliza mama, akamuuliza lile doa. Kisha Umar, ambaye amebashiriwa Pepo, akamwomba yule bwana amwombee msamaha. Doa ambalo kijijini pengine lilimfanya akimbiwe ndilo lililotajwa katika kumtambulisha kwa khalifa. Nilipomsomea yule mama habari hii alinyamaza muda mrefu, akauliza kitu kimoja tu: "Kwa nini lile doa lilibakishwa?" Nikamwambia sijui, Allah ndiye ajuaye. Akasema, "Mimi nadhani ili Umar amjue." Nimewasomesha wengi, huyo kanisomesha mimi.

Leo jioni, basi. Ukiona mkono wenye mabaka kwenye sinia, usihame, usichore mpaka, na zaidi ya yote usimwekee mtu sahani pembeni kwa upole. Kula. Mkabidhi tende mkononi. Usimuulize "umefanyaje?" mbele za watu, wala usimpe jina la mganga wa Mpwapwa aliyemtibu shangazi yako. Mkisimama kwenye swala, zibeni nafasi, bega kwa bega. Nafasi inayobaki kati yako na mwenye mbalanga ina dhambi kama nafasi nyingine yoyote ya kwenye safu. Wazee, na nyinyi nawaomba kwa heshima. Vijana wanawaangalia.

Yule fundi jana alikuja Tarawehe, alisimama safu ya pili. Futari bado hajaja. Nilimwambia nafasi ipo kwenye sinia langu, upande wangu wa kulia, akasema "inshaallah sheikh" kwa ile sauti mnayoijua. Nafasi nimeiacha wazi siku kumi na moja. Leo nayo itakuwa wazi, na naomba mtu mwingine asiikalie.

Allahumma Rabban-naas, wape shifaa wagonjwa wetu, na utusafishe macho yetu.

Zaka ya mazao kesho inshaallah. Wenye mtama na alizeti ghalani mjiandae na hesabu zenu.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.